Svalbard, Greenland au njia ya meli ya Urusi: uchukue ipi kama unataka kuielewa Aktiki?

Hii ni kwa yule ambaye supavaiza kashamwambia achague kesi moja tu, au ana makala ya kuandika, au yuko timu ya mdahalo na mada imeangukia siasa za kaskazini kule kwenye barafu, halafu kila akifungua simu anakuta dubu mweupe upande huu, manowari upande ule, Trump na Greenland katikati, hajui ashike wapi. Aktiki ni kubwa mno kushikwa yote kwa mpigo. Inabidi uchague dirisha moja uchungulie vizuri, na madirisha matatu ambayo naona yanafaa kwa mtu anayeanzia huku kwetu ni visiwa vya Svalbard, kisiwa cha Greenland, na ile njia ya meli inayopita juu ya Urusi, wanayoiita Njia ya Bahari ya Kaskazini.

Nimeyapima yote matatu kwa maswali yaleyale. Kwanza, mabadiliko ya tabianchi yanaonekana vipi pale, kwa macho na kwa vipimo. Pili, nani mwenye amri kisheria na hiyo amri inabishaniwa wapi. Tatu, wakubwa wanagombania nini. Nne, watu wanaoishi pale ni kina nani na wana sauti kiasi gani. Tano, wewe uliyeko Dodoma, Kisumu, Bujumbura au hata Oslo, taarifa utazipata au utaishia kunakili vichwa vya habari. Halafu ndo nasema inamfaa nani.

Kabla hatujaingia, mambo machache ambayo ni ya wote. Tangu 1979 Aktiki imekuwa ikipata joto karibu mara nne ya kasi ya wastani wa dunia, manake barafu nyeupe inarudisha mwanga wa jua na bahari nyeusi inaumeza, kwa hiyo kila barafu inapopungua joto linazidi na barafu inapungua tena. Nchi zenye ardhi huko ni 8: Marekani, Kanada, Urusi, Norway, Sweden, Finland, Iceland na Denmark kupitia Greenland. Zilianzisha Baraza la Aktiki mwaka 1996 pale Ottawa, na kitu kizuri cha lile baraza ni kwamba mashirika 6 ya wenyeji wa asili yana viti vya kudumu mezani, sio wageni waalikwa. Ila toka mwanzo walikubaliana mambo ya jeshi yasiguswe mle, na Machi 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine nchi nyingine saba zikasimamisha vikao, kazi ikaja kurudi polepole kwa maandishi na kwa vikundi vya wataalamu. Na usije ukaandika kwamba Aktiki ina mkataba wake kama ule wa Antaktika wa 1959. Haina. Antaktika ni bara lisilo na wenyeji, Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi zenye wenyewe na watu kama milioni 4, kwa hiyo sheria kuu pale ni ya bahari, ile ya Umoja wa Mataifa ya 1982, hata kama Marekani yenyewe haijairidhia.

Kinachonivuta mimi kwenye haya madirisha matatu ni kwamba kote barafu ikiyeyuka kuna karatasi ya sheria inayoanza kuyumba, lakini kila mahali inayumba kivyake. Ukishajua ni kuyumba kupi kunakusumbua wewe, umeshajua uchukue ipi.

SVALBARD

Hali ya hewa. Visiwa hivi viko kati ya Norway bara na Ncha ya Kaskazini, mji wake Longyearbyen uko nyuzi 78 kaskazini, na kati ya 1971 na 2017 joto la wastani lilipanda kati ya nyuzijoto 3 na 5. Nyumba za pale zimesimama juu ya nguzo zilizochimbiwa kwenye udongo ulioganda mwaka mzima, sasa udongo ukilainika nguzo zinacheza. Tarehe 19 Desemba 2015 poromoko la theluji lilishuka kutoka mlimani likasukuma nyumba kadhaa, watu 2 wakafa, na baada ya hapo mji ukaanza kubomoa nyumba zilizo chini ya mlima na kujenga kwingine. Halafu kuna ile hazina ya mbegu ya dunia iliyofunguliwa 2008 ndani ya mlima, ambako mbegu za akiba kutoka nchi nyingi zimehifadhiwa, zikiwemo za miti kutoka kituo cha kilimo-misitu cha Nairobi. Oktoba 2016 maji ya mvua na barafu iliyoyeyuka yaliingia kwenye mlango wa handaki yakaganda humohumo. Mbegu hazikuguswa, ila mlango wote ilibidi ujengwe upya, na lile eneo lilichaguliwa kwa sababu walidhani ubaridi wake hautahitaji msaada wa mtu. Umuhimu wake sio wa kufikirika, manake 2015 watafiti waliokuwa wamekimbia vita Aleppo walitoa mbegu zao mle ili waanze upya Lebanoni na Moroko.

Amri. Hapa ndo Svalbard inapowapita wenzake wote. Mkataba wa Svalbard ulisainiwa Paris tarehe 9 Februari 1920, ukaanza kazi 1925, na unasema visiwa ni vya Norway, mamlaka kamili, ila raia na kampuni za nchi zote zilizosaini wana haki sawa ya kuvua, kuwinda, kuchimba na kufanya biashara, kodi inayokusanywa ibaki palepale, na pasijengwe ngome wala kituo cha manowari. Urusi imo, China imo, India imo, Saudi Arabia imo, Afrika Kusini na Misri zimo. Tatizo ni kwamba 1920 hakuna mtu aliyekuwa amewaza habari ya eneo la uchumi la maili 200 baharini, yaani bahari ambayo samaki na mafuta yake ni haki ya nchi ya pwani. Mkataba unataja visiwa na maji yake ya karibu, basi. Sasa maji yanapata joto, samaki wanahamia juu, kaa wa theluji wametambaa mpaka huko, na Umoja wa Ulaya unasema haki sawa inafika hadi huko nje, Norway inasema haifiki. Meli ya kampuni moja ya Latvia ikakamatwa ikivua kaa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Norway, na Machi 2023 mahakama ikasema mkataba unaishia maili 12. Wengine hawajaridhika. Na wanachogombania chini ya huyo kaa ni kitu kikubwa zaidi, manake ukishakubali haki sawa kwa kaa kesho utaulizwa kuhusu mafuta yaliyo chini ya sakafu hiyohiyo.

Wakubwa. Urusi ina mji wake wa makaa ya mawe pale, Barentsburg, wenye watu mia chache, na mwingine wa Pyramiden uliofungwa 1998. Mei 9, 2023 Warusi walifanya gwaride la Siku ya Ushindi Barentsburg, magari na helikopta, jambo lililoikera Norway. China ina kituo cha utafiti Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti palepale Svalbard, tangu 2004 na India tangu 2008. Januari 2022 kebo moja ya chini ya bahari inayobeba data za setilaiti kutoka pale ilikatika. Ni ugomvi wa chinichini, wa barua za kibalozi na vibali, ukitaka moto wa wazi hapa hutaupata.

Watu. Longyearbyen ina watu kama 2,500 kutoka nchi nyingi, Wathai na Wafilipino wengi, hakuna wenyeji wa asili kabisa, na wajawazito hupelekwa bara kabla ya siku zao kufika. Mwaka 2022 Norway ikabadilisha sheria, mgeni sasa hawezi kupiga kura ya mji mpaka awe ameishi Norway bara miaka 3, kwa hiyo mtu anayefanya kazi hotelini na kulipa kodi pale kwa miaka anaamshwa siku moja anaambiwa kura yako haipo. Hilo linaniuma na naona waandishi wengi wanalipita tu kwa sababu sio la dubu wala la manowari. Mgodi wa mwisho wa Norway nao ulifungwa Juni 2025, hivyo mji uliozaliwa na makaa ya mawe sasa unajitafuta upya kwenye utalii na utafiti.

Taarifa. Rahisi kuliko zote. Nyaraka za serikali ya Norway, hukumu, ripoti za hali ya hewa, nyingi zipo kwa Kiingereza na bure. Na kuna hili ambalo wengi hawalijui: Svalbard haina viza, Mkenya au Mtanzania anaruhusiwa kuishi pale ilimradi ajitegemee kwa kipato. Sharti ni kwamba utapitia Norway bara ambayo ni Schengen, lile eneo la viza moja la Ulaya, na Svalbard iko nje ya Schengen, kwa hiyo viza yako ya kupita lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja la sivyo kurudi kutakuwa kesi. Chuo cha pale kinafundisha biolojia, jiolojia, jiofizikia na teknolojia ya Aktiki, wa siasa wasitarajie kozi yao.

Inamfaa mwanasheria, mtu wa uhusiano wa kimataifa anayependa kusoma kifungu kwa kifungu, na mwanasayansi anayetaka vipimo vya muda mrefu.

GREENLAND

Hali ya hewa. Kilomita za mraba zaidi ya milioni 2, asilimia kama 80 imefunikwa na barafu, na barafu yote ile ikiyeyuka bahari za dunia zingepanda kama mita 7. Haitayeyuka yote kesho wala karne hii, tusitishane, ila inapoteza mamia ya mabilioni ya tani karibu kila mwaka na hilo limepimwa kwa setilaiti toka 2002. Sasa sikiliza hii vizuri maana inatugusa: barafu kubwa vile ina uzito unaoyavuta maji ya bahari kuelekea kwake, ikipungua mvuto nao unapungua, maji yaliyokuwa yamevutwa yanasambaa mbali, hivyo bahari karibu na Greenland inashuka wakati ukanda wa tropiki unapata zaidi ya wastani wa dunia. Kwa hiyo mtu wa Unguja, Lamu au Rufiji akiuliza Greenland inanihusu nini, jibu ni hilo, na ni fizikia tu, wala halihitaji kupambwa.

Halafu kuna Septemba 2023. Mlima mmoja mashariki ya kisiwa, kwenye ghuba nyembamba ya Dickson, uliporomoka kwa sababu barafu iliyokuwa inaushikilia chini ilikuwa imepungua. Wimbi lilipanda kama mita 200, maji yakabaki yanayumba huku na huku mle ndani, na vipima matetemeko dunia nzima vikawa vinasoma mtikisiko wa ajabu kwa siku 9 huku wataalamu wakiulizana ni nini. Hapakuwa na mtu pale, ni bahati tu, manake meli za watalii hupita ghuba ile.

Amri. Greenland ilikuwa koloni la Denmark, ikapata utawala wa ndani 1979, ikatoka kwenye Jumuiya ya Ulaya 1985 kwa sababu ya samaki, na sheria ya 2009 ikawatambua kama watu wenye haki ya kujiamulia, yaani wakitaka uhuru wanapiga kura, wanaongea na Copenhagen, bunge la Denmark likikubali wanaondoka. Madini ni ya serikali ya Nuuk, mji mkuu wa Greenland, ulinzi na sehemu kubwa ya mambo ya nje ni Copenhagen. Lakini kila mwaka Denmark inatoa ruzuku ya karibu kroni bilioni 4, na mauzo ya nje zaidi ya asilimia 90 ni samaki na kamba. Kwa hiyo wanaotaka uhuru wanaulizwa pesa itatoka wapi, na jibu jepesi ni madini ambayo barafu inavyorudi nyuma yanafikika zaidi, ila wananchi wenyewe hawakubaliani na jibu hilo. Uchaguzi wa 2021 ulihusu kwa kiasi kikubwa mradi wa madini adimu wa Kuannersuit, ambao ungetoa na urani, karibu na mji wa Narsaq wenye wafugaji wa kondoo. Waliopinga wakashinda, bunge likapiga marufuku urani, leseni mpya za kutafuta mafuta nazo zikasimamishwa, na kampuni ya Australia iliyokuwa na mradi ikafungua madai. Mtu yeyote aliyefuatilia mikataba ya madini Tanzania au Kongo atazielewa hizo kurasa bila kufundishwa.

Wakubwa. Trump alitaka kuinunua 2019, akarudi kwa nguvu toka mwisho wa 2024, na makamu wake Vance akatua Pituffik, kambi ya jeshi la Marekani, Machi 2025. Ila usiandike kama ni wazo lake jipya, Rais Truman alitoa ofa ya dola milioni 100 mwaka 1946, na Marekani ina kambi pale chini ya makubaliano ya 1951. Kambi ile ilipopanuliwa, 1953 familia za Wainughuit, Wainuit wa upande ule, zilihamishwa zikapelekwa mbali kaskazini wakaanze upya, na 1968 ndege ya B-52 iliyobeba mabomu ya nyuklia ikaanguka kwenye barafu ya bahari karibu na pale. Ukijua hayo mawili utaelewa kwa nini watu wa Nuuk walitoka barabarani Machi 2025 kusema kisiwa hakiuzwi, na pia utaelewa kwamba kukataa Marekani hakumaanishi wanaipenda Denmark.

Watu. Kama 57,000, wengi Wainuit, yaani wenyeji wa asili, lugha yao ni rasmi na inatumika bungeni, mahakamani na shuleni. Kama watu ndo kigezo chako kikubwa, hapa ndo penyewe. Lipo jambo la wanawake na wasichana maelfu waliowekewa vitanzi vya uzazi na madaktari wa Kidenmark miaka ya 1960 na 1970, wengi bila kuulizwa, wengine wakiwa watoto wa shule. Wanawake wenyewe walipoanza kusema hadharani ndo uchunguzi ukaanza, na Septemba 2025 waziri mkuu wa Denmark akaenda Nuuk kuomba radhi. Ukiandika siasa za Greenland bila hili utashindwa kueleza hasira iliyoko chini.

Taarifa. Za kutosha, takwimu za serikali zipo kwa Kiingereza, ila mijadala yenyewe ya nyumbani ni Kigreenland na Kidenmark, na vyombo vikubwa vya nje vinarusha Trump tu. Kufika ni ghali sana. Uwanja mpya wa ndege wa Nuuk uliofunguliwa Novemba 2024 umerahisisha kidogo. Na Wainuit wamechoka watafiti wanaokuja kuchukua mahojiano na kutoweka, baraza lao la kimataifa lilitoa taratibu zake mwaka 2022, zisome kabla hujamwandikia mtu yeyote barua pepe.

Inamfaa mwandishi wa habari, mwanafunzi wa historia ya ukoloni, mtu wa sera za madini, na yeyote anayetaka kuunganisha Aktiki na pwani yetu moja kwa moja.

NJIA YA BAHARI YA KASKAZINI

Hali ya hewa. Kutoka Novaya Zemlya hadi mlangobahari wa Bering ni kama kilomita 5,600 za pwani ya Urusi. Barafu ya bahari ya Septemba ilifika chini kabisa katika rekodi za setilaiti mwaka 2012, na kiangazi sasa meli zinapita sehemu ambazo zamani zilikuwa zimefungwa. Ila njia hii inaadhibu anayeamini chati za wastani: Novemba 2021 barafu iliwahi, meli zaidi ya 20 zikanasa, zikasubiri kuokolewa na meli za kuvunja barafu. Nchi kavu nako udongo ulioganda unalegea. Mei 2020 tangi la dizeli lilipasuka mji wa Norilsk, tani kama 21,000 zikamwagika hadi mtoni, na udongo kulegea ni moja ya sababu zilizotajwa.

Amri. Urusi inataka kila meli iombe kibali, na shirika la nyuklia la Rosatom ndo linaendesha njia. Urusi inasimama juu ya kifungu cha 234 cha sheria ya bahari, kinachoipa nchi ya pwani nguvu ya ziada kuzuia uchafuzi kwenye maji yaliyofunikwa na barafu sehemu kubwa ya mwaka. Soma hapo mwisho tena. Barafu ikiwa haipo sehemu kubwa ya mwaka, kile kifungu kinabaki na nini? Marekani tayari inabisha kwamba milangobahari ya pale ni ya kimataifa, Urusi inasema ni maji yake ya ndani. Kwa mtu anayetaka kuona tabianchi ikiila sheria neno kwa neno sijui mfano ulionyooka kuliko huu.

Wakubwa. Kwenye ramani Rotterdam hadi Yokohama kupitia Suez ni kilomita zaidi ya 20,000, kupitia juu ni kama 13,500, na ramani ndo inayowapoteza watu. Putin aliagiza mzigo ufike tani milioni 80 ifikapo 2024, ukafika kama milioni 38, na kati ya hizo zilizovuka mwanzo hadi mwisho ni milioni 3 tu hivi, zilizobaki ni gesi, mafuta na madini ya Urusi yenyewe yanayotoka. Kwa hiyo kusema hii ni Suez mpya ni mapema mno. Meli ya kontena kutoka China ilifika Felixstowe, Uingereza, Oktoba 2025 kwa siku kama 20, habari kubwa kweli, lakini bima, msimu mfupi, kutokuwa na bandari za kati za kushusha mzigo na vikwazo vya kiuchumi vinafanya kampuni nyingi kubwa zikae mbali. Suez nayo ina matatizo yake, kwanza meli ya Ever Given iliyokwama mfereji mzima 2021 halafu mashambulizi ya Wahouthi toka mwisho wa 2023 yaliyozungusha meli Rasi ya Tumaini Jema, na yeyote aliyekuwa anasubiri mzigo Mombasa au Dar kipindi kile anajua gharama zilivyobadilika. China mwaka 2018 ilitangaza Njia ya Hariri ya Ncha, mpango wake wa njia za biashara za Aktiki. Na TotalEnergies yenye bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga ndo iliyoshika asilimia 20 ya mradi wa gesi wa rasi ya Yamal kule juu, jambo ambalo mtafiti wa huku anaweza kulifanyia kazi nzuri sana.

Watu. Wanenets na jamii nyingine za wafugaji wa reindia, wanyama wa nchi za baridi wenye pembe za matawi. Miaka ya 2013 na 2014 mvua ilinyesha juu ya theluji Yamal, ikaganda ikawa ngao, wanyama wakashindwa kufikia majani, wakafa kwa makumi ya maelfu. Kiangazi cha 2016 joto lilifika juu ya nyuzijoto 30, kimeta kikalipuka kati ya reindia, inaaminika kilitoka kwenye mizoga ya zamani iliyokuwa imeganda ardhini, mtoto wa miaka 12 akafariki. Hawa watu wana kiti kwenye Baraza la Aktiki kupitia shirika lao, lakini nafasi ya kuipinga Moscow hadharani ni ndogo sana na inazidi kuwa ndogo.

Taarifa. Hapa ndo pagumu. Toka 2022 ushirikiano wa kisayansi umekatika, data nyingi za hali ya hewa za nusu ya Aktiki hazipatikani tena, gazeti la Barents Observer la Kirkenes Norway limetangazwa na Urusi kuwa shirika lisilotakiwa tangu Februari 2025, na kumhoji mtu aliyeko ndani kunaweza kumwingiza yeye matatani, sio wewe. Fikiria hilo kabla hujapiga simu.

Inamfaa mtu wa lojistiki, nishati na ulinzi, na anayejua Kirusi.

SASA UCHAGUE VIPI

Kama una miezi michache na huna hela ya safari, Svalbard itakupa karatasi nyingi za uhakika ukiwa umekaa mezani. Hasara yake ni kwamba ugomvi wake ni mwembamba, msomaji wa kawaida utamchosha na kaa usipomwonyesha mafuta yaliyo nyuma yake.

Kama unaandikia watu wa nyumbani, gazeti, redio au podikasti, Greenland ndo itasikilizwa, kwa sababu koloni, madini, kambi ya kijeshi na bahari kupanda ni mambo yanayoeleweka Mtwara na Goma bila mkalimani. Ila habari zake zinabadilika kila wiki, andika tarehe kwenye kila unachodai na usijenge hoja nzima juu ya maneno ya mwanasiasa mmoja.

Kama uko bandarini, kwenye kliaringi, bima au mafuta na gesi, chukua njia ya Urusi, na uanze na tani badala ya ramani. Mliosoma Urusi na Kirusi mnakimudu, mko wengi tu Afrika Mashariki, mna mlango ambao wengine hawana, mnaweza kusoma kanuni na hotuba zenyewe.

Mwanasheria aliyekwama kati ya Svalbard na njia ya Urusi anaweza kuzishika zote mbili kama swali lake ni moja tu: sheria iliyoandikwa bahari ikiwa imeganda inafanyaje kazi ikiyeyuka. Hizo mbili zinakaa pamoja vizuri. Greenland na njia ya Urusi zinakaa pamoja kwa anayeuliza habari ya wenyeji, manake upande mmoja wana bunge na upande wa pili hawana, na tofauti hiyo inaonekana mara moja ukiuliza nani alisema hapana kwa mgodi na ikasikika.

Zote tatu kwenye tasnifu moja ya shahada ya kwanza, hapana, utaishia kuandika utangulizi tu. Kwa mdahalo ni tofauti, pale unahitaji mifano mifupi: upande unaosema Aktiki bado ina utulivu ushike Svalbard na ule mkataba wa kutovua samaki katikati ya bahari ya Aktiki uliosainiwa Ilulissat, Greenland, 2018, ambao Urusi, Marekani na China wote wamo na bado unafanya kazi. Upande unaosema utulivu umekwisha ushike Baraza kusimama 2022, Finland na Sweden kuingia NATO 2023 na 2024, na data za Urusi kukatika. Na kama bado umekwama baada ya kusoma haya yote, chukua karatasi, andika swali lako kwa sentensi moja, halafu angalia neno la kwanza zito lililokutoka: likiwa mkataba nenda Svalbard, likiwa watu nenda Greenland, likiwa meli au gesi nenda Urusi, na mpelekee supavaiza wiki hiihii kabla hajakuchagulia yeye.